Mkaguzi Asiyeweza Kuingia Darasani

Siku mliyoniaga nikistaafu, mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, inakwenda vizuri, ila sijawaelewa. Miaka yote nimeendeshwa na kengele, sasa nimepata nafasi ya kulala mpaka jua linichome, nanyi mnaniletea kitu cha kunikumbusha kwamba nimechelewa. Nimeitundika jikoni. Huko inaharakisha maharagwe.

Mmoja wenu aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba Madam atuachie historia ya kazi yake. Vyeo vyangu mnavijua, vilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Mshahara msiniulize, nisije nikawaharibia siku. Nitawaandikia mwaka wa kwanza tu, kwa sababu ndio mwaka ambao nusura nisiwe mwalimu kabisa. Aliyenikwamisha hakuwa mtoto mtundu wala somo gumu. Ilikuwa ndoa, tena si yangu.

Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Uganda. Nilipotoka chuoni nilipangiwa shule moja ya kule Kisoko, ndani ya Tororo, mahali ambapo sikuwa na ndugu wala lugha. Kabla ya kuondoka nilivuka mpaka kwenda kumuaga shangazi yangu, tuliyemwita Senge, aliyekuwa na kibanda cha mitumba Busia ya Kenya. Nilimkuta amesimama juu ya furushi, anaita wateja.

“Nekesa, hata mimi hupiga kelele siku nzima,” aliniambia, “lakini mtu akinisikia anaondoka na longi. Hao watoto wakikusikia wataondoka na nini?”

Alikuwa ameshanitengea upande wa kuuzia nguo za watoto, na baba alikuwa ameshakubali. Walinipa mwaka mmoja. Enzi zile mwalimu mpya alifanya mwaka wa majaribio: ilibidi mkaguzi wa shule aje, aketi darasani, akuone ukifundisha, ndipo uthibitishwe. Mwaka ukiisha hajakuona, nafasi anapewa mwingine, nawe unarudi kwenu. Kwangu kurudi kwetu maana yake ilikuwa furushi la Senge. Nami nilitaka ualimu tangu utotoni, nilipokuwa nawapanga bata wa mama mstari na kuwaita majina. Nilikuwa nauogopa ule mwaka kuliko nilivyowaonyesha Senge na baba.

Siku ya kwanza niliingia Kisoko kwa viatu virefu. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa kule ukishika kitu haukiachii. Nilifika shuleni kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi. Hedimasta, Bwana Obbo, mtu mrefu mwenye huruma na kikohozi, hakutazama miguu yangu. Alinikabidhi nusu boksi ya chaki kama anayenikabidhi mtoto wake.

“Madam, hii chaki iko ya mwezi,” alisema. “Kama nakwisha, weye andika na mdomo.”

Upepo ulikuwa umeezua paa la chumba kimoja, kwa hiyo darasa la pili na la tatu walikaa katika chumba kimoja kirefu. Kila ukuta wa mwisho ulikuwa na ubao wake, na watoto walikaa wamepeana migongo. Darasa la tatu lilikuwa langu. Niliingia, wakasimama wote, wakanisalimu kwa wimbo mrefu. Niliitikia, nikaanza kufundisha. Wakaendelea kusimama. Nilifikiri ndiyo adabu ya Wapadhola, wenyeji wa kule, nikasema moyoni, hawa watoto wana heshima kweli. Nilifundisha mpaka mmoja akaanza kuyumba. Ndipo upande wa pili wa chumba sauti nzito ya mwanamke ikasema, bila kugeuka, “Keti,” na madarasa yote mawili yakakaa kwa mshindo mmoja. Watoto wangu walikuwa wanasubiri tu mtu awaambie.

Mwenye sauti ile alikuwa Mwalimu Nyafwono. Alikuwa mama mnene, mwenye mwendo wa taratibu, aliyefundisha kusoma nusu ya wilaya. Chuoni nilifundishwa jinsi mtoto anavyofikiri. Mwalimu Nyafwono alinifundisha jinsi ubao unavyopakwa: unaponda makaa ya betri zilizokufa, unachanganya na majani ya viazi vitamu, unasugua, unaacha ukauke usiku kucha. Chaki ikibaki kipande cha ukucha, aliichomeka kwenye bua la mtama akaendelea kuandika mpaka iwe vumbi. Wenzangu wa leo mnaotupa chaki ikivunjika tu, nilikuwa nawaona. Nilinyamaza kwa ajili ya amani.

Alinifundisha pia habari ya kumbikumbi. Wiki za mvua za kwanza nilikuwa katikati ya hesabu za kutoa, mtoto mmoja akatazama dirishani, akasema neno moja la Kidhopadhola. Kabla sijauliza maana yake, nilikuwa nimebaki na madawati. Wote walikuwa nje wanakimbiza kumbikumbi, wengine wanawala hapo hapo, mabawa yamewajaa midomoni. Nilisimama mlangoni nikiita majina kama kichaa.

“Hapana ita,” Mwalimu Nyafwono aliniambia, huku naye akichukua beseni. “Weye nakwenda na wao. Hesabu yako leo iko huko.”

Nikaenda. Tulihesabu kumbikumbi mafungu mafungu, tukatoa walioliwa. Siku ile kila mtoto alijua kutoa, na Okoth, kijana mkubwa ambaye tangu nifike hakuwahi kufungua mdomo, alinibishia jibu. Nilifurahi mpaka nikasahau kumkemea.

Basi mambo yakaanza kuninyookea, ikabaki mkaguzi tu.

Mkaguzi wetu aliitwa Bwana Othieno. Alikuwa kijana mtanashati mwenye pikipiki, na pikipiki ile ilisikika tangu mbali, kwa hiyo walimu wote walipata muda wa kuwa walimu bora. Muhula wa kwanza ulipokaribia kuisha tuliisikia. Nilifuta ubao, nikaandika tarehe kwa mwandiko wa chuoni. Bwana Othieno akaja mpaka mlangoni, kofia ya pikipiki kwapani, akainua mguu avuke kizingiti. Wakati huo huo sauti ya Mwalimu Nyafwono ikatoka mwisho wa chumba, anawasomesha wake. Mkaguzi akaurudisha mguu kama aliyekanyaga kaa la moto. Akavaa kofia, akageuka, akaondoka. Pikipiki haikuwa hata imepoa.

Nilijitazama nguo. Nilinusa kwapa. Nilitazama ubao nione kama nimekosea tarehe. Hedimasta alisema, “Atarudi tu,” akaanza kuchunguza dari. Mwalimu Nyafwono aliniletea muhogo wa kuchemsha na karanga, akanibembeleza nile. Nililala siku ile nikijua kwamba mkaguzi ameniona mara moja tu na amenichoka.

Muhula wa pili alirudi. Safari hii pikipiki alikuwa ameizima barabarani, pengine ili atushtukize, akaja kwa miguu. Mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Nilichokiona ni Mwalimu Nyafwono, mama yule wa mwendo wa taratibu, akitazama nje, akishika leso yake, akipanda dawati na kuruka dirishani upande wa pili. Jamani, mtu wa umri ule na unene ule haruki dirisha bila sababu. Mimi nilijua sababu moja tu.

“Nyoka!” nikapiga kelele.

Madarasa mawili yalitoka kwa mara moja, kila mtoto kwa tundu lililokuwa karibu. Bwana Othieno alipoingia alinikuta mimi juu ya meza, na mtoto mmoja aliyekuwa amelala, ambaye hakuamka.

Alitazama huku, akatazama kule. “Madam,” aliuliza kwa upole, “unafundisha nani?”

Nilikimbia kuwakusanya. Lakini mtoto akishatolewa darasani kwa kelele anahesabu kwamba shule imefungwa, na wengi walikuwa wameshafika nusu ya njia ya kwao. Niliporudi, pikipiki ilikuwa inaungurumia mbali.

Nilimkuta Mwalimu Nyafwono nyuma ya jiko la shule, amechuchumaa katikati ya mihogo, leso imefunika kichwa chote.

“Mwalimu, nyoka iko wapi?” nilimuuliza.

“Nyoka gani? Si weye ndiyo nasema nyoka?”

“Sasa uliruka nini?”

Alichungulia kwanza. “Yule mtu amekwenda?”

“Ameenda. Na mimi nimekwisha.”

Akashusha leso, akanitazama kwa huruma nyingi. “Yule amepeleka ng'ombe kwangu Krismasi. Apio, msichana yangu, iko kwake. Sasa mimi nakaa nyumba moja na yeye namna gani?”

Hapo nikaelewa, nikakaa chini kwenye mihogo pamoja naye. Wasomaji wa mbali wanisamehe niwaeleze. Kwa Wapadhola, na kwetu Wasamia pia, mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Si uadui, ni heshima, na kadiri mtu anavyompenda mkwe wake ndivyo anavyomkimbia mbio zaidi. Hata jina lake hamtaji. Ndiyo maana alikuwa amenilisha muhogo bila maelezo. Wengine hawakuniambia kwa sababu kila mtu alijua. Hata watoto wa darasa la pili walijua, walikuwepo kwenye sherehe wakala nyama. Shule nzima ilimwona mkaguzi akimkimbia mama mkwe wake, ni mimi peke yangu niliyedhani ananikimbia mimi.

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Maana kujua sababu hakukunisaidia kitu. Nilikuwa nafundisha katika chumba ambacho mkaguzi hawezi kuingia.

Tulikaa kikao ofisini, hedimasta, Mwalimu Nyafwono na mimi. Chumba kingine hakikuwepo. Kufundishia nje, mvua zilikuwa zimerudi. Mkaguzi mwingine, wa upande wa Mulanda, alikuwa mgonjwa. Nikasema basi Mwalimu Nyafwono abaki nyumbani siku hiyo.

“Siku gani?” hedimasta aliuliza. “Yeye hapana sema siku. Na kama Mwalimu haiko darasani, mkaguzi naandika kwamba haiko.”

Wote watatu tukamfikiria mkwe anayemshtaki mama mkwe wake kwa utoro. Hakuna mila iliyowahi kupangia hilo adhabu, ila tulihisi ingekuwa kubwa.

Mwishowe hedimasta alikwenda kwake akarudi na mkeka wa mafunjo, ule mpana wa kuanikia mtama. Mkewe alikuwa anamfuata nyuma akiuliza mtama wake utaanikwa wapi. Tuliutundika katikati ya chumba kwa kamba iliyotoka ukuta hadi ukuta, ukawa ukuta wa katikati. Mwalimu Nyafwono aliukagua pande zote mbili, akapiga jicho kwenye kila tundu, akasema nyumba sasa ni mbili.

Muhula wa tatu ukafika karibu na mwisho. Dereva mmoja wa lori la mahindi aliniletea salamu za Senge kutoka Busia: amenunua stuli, ni yangu, hamruhusu mtu aikalie. Siku iliyofuata, mvua ikipiga mabati, tukaisikia pikipiki.

Bwana Othieno aliingia uso ameugeuzia ukutani, akatembea ubavu ubavu mpaka kwenye kiti tulichomwekea nyuma ya darasa langu, mgongo karibu ugusane na mkeka. Upande wa pili Mwalimu Nyafwono alikuwa amewapa wake kazi ya kuandika kimya kimya. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mimi. Somo lilikuwa kupima urefu. Nilinyanyua rula ya mita, nikauliza mita ni nini, sauti ikatoka nyembamba. Watoto walinitazama. Mkaguzi akaandika. Nikauliza tena kwa maneno mengine, ambayo hata mimi sikuyaelewa. Mkaguzi akaandika zaidi. Kila kalamu ilipotembea nilisahau sentensi inayofuata, na katika kichwa changu niliiona ile stuli, hata rangi yake.

Ndipo upepo ukaingia kwa madirisha yote, kamba ikakatika, mkeka ukaanguka. Ukaanguka upande wangu, ukamfunika mkaguzi pamoja na kiti chake.

Hakuna mtoto aliyecheka. Walikuwa wadogo, lakini walijua mkwe ni nini. Mwisho wa chumba Mwalimu Nyafwono alikuwa amejibandika ubaoni, uso kwa ukuta, leso juu ya kichwa. Tulisubiri mkaguzi ajitoe. Hakujitoa. Angejitoa angemwona. Chini ya mkeka ikasikika kwanza chafya, halafu sauti: “Madam, endelea. Mimi nasikia.”

Nami nikaendelea, na hapa ndipo sijui niwaelezeje. Sikuona uso wake wala kalamu yake. Niliona watoto wangu, na mkeka. Hofu ilinitoka yote. Niliweka rula mezani nikasema, “Leo tunapima hii mkeka. Adikini, kuja pima na mikono.”

Adikini alikuwa msichana mdogo asiyeogopa kitu. Alianza kutambaza shubiri zake juu ya mkeka, akihesabu kwa sauti, akafika katikati akasimama. “Madam, hapa iko mlima.”

“Usipande mlima,” nilimwambia.

“Pima pembeni,” mlima ukasema.

Akapima ukingoni, akapata shubiri zake. Nikamwita Okoth, mwenye mikono ya mtu mzima, akapima ukingo ule ule akapata chache. Adikini akasema Okoth mwongo. Okoth akasema Adikini ameruka. Walirudia, wakapata yale yale, darasa likagawanyika vyama viwili, wakabishana mpaka mvua isisikike, na yule Okoth niliyedhani ni bubu alikuwa anaongoza. Niliwaacha. Walipochoka niliuliza, “Sasa nani nasema kweli, na mikono hailingani?” Mtoto mmoja wa nyuma, aliyekuwa karibu na goti la mkaguzi, akasema pole pole kwamba inatakiwa mkono mmoja wa watu wote. Nikanyanyua rula ya mita. Sikuhitaji kueleza tena; waliipokea wakaupima mkeka wenyewe. Nilisikia raha ambayo tangu siku ile nimeitafuta kila asubuhi, na siku nyingine nikaipata.

Kengele ilipolia ikabaki kumtoa mgeni. Hedimasta alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukamsindikiza mkeka juu yake kama watu wanaohamisha kabati, tukimwambia kizingiti hiki, nguzo hii. Tulisimama barazani. Mlango ulikuwa wazi nyuma yetu, kwa hiyo mkeka hakuutoa.

“Madam Nekesa,” alisema mle ndani, na sauti yake ilikuwa na masikitiko ya kweli. “Mimi nimesikia vizuri sana. Lakini kanuni inasema nikuone ukifundisha. Siwezi kudanganya. Mimi leo nimeona mafunjo tu.”

Hedimasta alianza kukohoa. Mimi nilishika nguzo. Mwaka wote ule, kumbikumbi, chaki, udongo, na ningerudi Busia kwa sababu ya ukweli wa mtu mwadilifu. Kama angekuwa mbaya ningemchukia, ningepata nafuu.

Ndipo nyuma ya ukuta, karibu kabisa na mlango, ikatoka sauti nzito. Mama mkwe hamwiti mkwe wake, kwa hiyo alinisemesha mimi.

“Nekesa, ambia huyo mtu yetu. Yeye alikuja kwangu kuchukua msichana. Aliniona mimi jikoni nafundisha Apio? Alikaa siku moja naona mimi nalea? Hapana. Aliona Apio tu, akashiba, akaleta ng'ombe. Sasa watoto ya Nekesa iko hapa. Aulize wao.”

Mvua ilikuwa imepungua. Sikuhitaji kumfikishia, kila mtu barazani alikuwa amesikia. Mkeka ukageukia dirishani.

“Watoto,” mkeka ukasema, “hiki kitu nimevaa kina urefu gani?”

“Mita mbili na nusu!” likaitika darasa la tatu, na darasa la pili, waliopaswa kuwa wanaandika kimya kimya, wakaitika pamoja nao.

Mafunjo yakaanza kutikisika. Hedimasta alidhani mkaguzi analia, akampapasa palipokuwa bega. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea nguzo yangu, halafu ukingo ukainuka kidogo, mkono ukatoka chini ya mkeka, ukanitafuta hewani. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, nikawa mwalimu.